Mijusi wa Kopo la Pipi

Binti yangu alinipa shikamoo, akapokea begi langu, na kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda akaniletea kopo. Lilikuwa lile kopo kubwa la plastiki la dukani, la kuwekea pipi, linaloonyesha ndani. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa matundu kwa msumari wa moto. Ndani mlikuwa na kipande cha gome, kizibo cha soda chenye maji, na mijusi wawili wadogo, weupe kama waliooshwa, kila mmoja hafiki urefu wa kidole changu cha mwisho.

"Baba, si ulisema Dar ulifanya kazi ya mijusi?"

"Nilifanya."

"Basi niambie. Yupi dume, yupi jike?"

Nilikuwa nimetoka Kahama, mgongo unauma kwa kukalia magunia, na nilikuwa nimejiandaa kwa swali la nimeleta nini. Si kwa hilo la mijusi. Dada yangu, ambaye ndiye anayemlea, akasema kutoka jikoni, "Mjibu mtoto. Maana mimi nimeshasema neno langu."

Neno lake nilielezwa wakati wa chakula. Binti aliyakuta mayai mawili kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya magunia ya mashudu, akayaweka kwenye mchanga ndani ya kopo, yakaanguliwa. Dada alikubali wakae juu ya kabati, kopo moja tu, kwa sharti kwamba hawatazaana. "Kama ni dume na jike, mmoja atatoka," alisema. "Sitaki ukoo wa mijusi juu ya sufuria zangu."

Na kutoka, katika boma lile, maana yake ni moja. Dada anafuga kuku wa kienyeji. Wanunuzi wa matenga wanaokuja mnada wa hapa kwetu Mtinko wanamjua. Uwanja wake wote ni kuku, na kuku akiona mjusi mdogo hamwachi. Binti alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye anayewapa kuku chakula asubuhi kabla ya shule.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni Mwislamu, mtu wa utani. Alinyoosha mkono kuelekea kabatini akasema, "Tena huyo jina lake mjusi kafiri. Wazee wetu walikuwa hawamwachi hai."

"Si kafiri," binti akajibu. "Hajafundishwa tu."

Shemeji alicheka mpaka akaweka tonge chini. Kuanzia siku hiyo suala la ukafiri halikumsumbua tena mtu. Likabaki lile la dume na jike.

Kazi yangu ya Dar ilikuwa hivi. Mzee mmoja wa Kizungu, mganga wa mifugo aliyestaafu, alikuwa akifuga mijusi wenye madoa kama ya chui, waliotoka nchi za mbali, ndani ya masanduku ya vioo. Mimi nilisafisha vioo, nikakamata panzi, nikabadilisha maji. Alinifundisha kwamba mjusi hashikwishikwi. Unamweka kwenye bakuli la kioo, unaliinua juu ya kichwa chako, unamtazama kwa chini. Dume ana mstari wa vidoti tumboni, mbele kidogo ya tundu la haja, na nyuma ya tundu, mkia unapoanzia, pana uvimbe pande mbili. Jike ni laini. Lakini mtoto wa mjusi, awe dume awe jike, ni laini. Nilikuwa nikimwinulia yule mzee bakuli, naye anatazama, anatikisa kichwa, anasema, "Bado." Neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote lilikuwa bado.

Wale wadogo wa kwake sikuwaona wakijulikana. Niliondoka kabla. Sikugombana na mtu, chakula kilikuwa kizuri. Ni kwamba nilikuwa nimeshawajua mbwa wote wa mtaa ule kwa sauti zao, na mimi nikishafika hapo ninaanza kusikiliza magari.

Mtinko nako magari yanasikika. Barabara inapita mbali kidogo na boma la dada, lakini upepo wa kiangazi ukivuma unaleta kila kitu: vumbi, harufu ya alizeti iliyokamuliwa, na mlio wa lori likibadilisha gia. Nikiwa Tunduma au Kahama huwa ninaiota Mtinko. Ninaota ugali wa uwele na mlenda, na yale majabali yanayobaki na joto la jua hadi jioni, tulikokuwa tukikaa kutazama ng'ombe wakirudi. Nikifika, ugali ninaukuta, majabali ninayakuta, na baada ya siku chache ninajikuta nimesimama pembeni ya barabara bila sababu, ninasoma maandishi ya nyuma ya magari.

Safari hii nilikuwa na mpango wa kukaa kidogo. Dereva mmoja, mwenzangu wa miaka mingi, alikuwa anasubiri mzigo wa vitunguu, nami ndiye ninayesimamia mzigo njiani. Akipiga simu, ninaondoka.

Binti hakuniuliza ninaondoka lini. Aliuliza tu kila alipotoka shule, "Umewatazama?" Nami ninajibu kama yule mzee, bado. Alikuwa akiwakamatia nondo jioni kwenye taa, anawaingiza mmoja mmoja kwa pembe ya karatasi, na mijusi wanawafuata polepole, kisha ghafla, mpaka binti mwenyewe anashtuka.

Mwisho dada akachoka. Ilikuwa Jumamosi, tumekaa uwanjani, yeye anachambua mchicha. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Lete hapa hilo kopo. Mnateseka na jambo dogo."

Watu wa kwetu na kuku, ni lazima nieleze. Mtu akitaka kununua vifaranga anataka mitetea, na kila mfugaji ana njia yake ya kuwatambua wangali wadogo. Njia ya dada ni kumning'iniza kifaranga kwa miguu. Akiinua kichwa akitaka kujua nani kamshika, jogoo huyo. Akitulia, mtetea. Mnadani wanamwamini, na huwa anapatia. Au akikosea, wateja hawarudi kumwambia.

"Dada, mjusi si kifaranga," nilisema.

"Anataga? Basi."

Akaingiza mkono, akamtoa mmoja, akamgeuza kichwa chini. Nadhani alikusudia miguu. Kwa mjusi aliye mdogo vile, miguu na mkia viko mahali pamoja, na vidole vya dada ni vya kazi. Tukaona mjusi anaanguka kwenye kanga yake, na mkia umebaki vidoleni unarukaruka wenyewe. Binti akapiga kelele. Dada naye akapiga kelele, akautupa mkia. Kuku mweusi aliyekuwa karibu akaudaka, akakimbia nao, na kuku wote wa uwanja ule wakamfuata kuzunguka ghala.

Mimi nilimfunika mjusi kwa kiganja mpaka kopo likaletwa. Alikuwa mzima, ila kishina cha mkia kimebaki chekundu, kimekatika sawasawa.

"Utaota," nilimwambia binti. "Mkia wa mjusi huota."

Alikuwa analia bila sauti. Dada, kwa aibu, akarudia mchicha kwa nguvu, kisha akatoa hukumu yake kama kwamba hakuna kilichotokea. "Hata hivyo hakuinua kichwa. Mtetea huyo. Na mwenzake simgusi. Mayai yao yalikuwaje, ya kuchongoka au ya mviringo?"

"Mviringo," binti akasema huku akijifuta. "Kama shanga."

"Basi kwisha. Yai la kuchongoka jogoo, la mviringo mtetea. Wote mitetea. Wakae."

Uso wa binti ulivyobadilika siwezi kuusahau. Aliinua kopo akalikumbatia na machozi yake bado shavuni. Shemeji akampongeza. Na mimi, nitasema ukweli, nilihisi mwili wangu umekuwa mwepesi, kwa sababu asubuhi ile dereva alikuwa amepiga. Mzigo umepatikana. Mwenye neno amesema, mtoto amefurahi, gari lipo.

Nikaangalia kopo. Yule aliyekatika mkia alikuwa amejibanza nyuma ya gome.

"Dada," nilisema, "mayai ya mjusi yote ni ya mviringo."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ya madume?"

"Hata ya madume."

Shemeji akakohoa. Binti akashusha kopo magotini. "Kwa hiyo hatujui," akasema.

"Hatujui."

"Tutajua lini?"

"Wakikua. Labda mvua zikiwa zinakaribia kwisha."

"Wewe utakuwepo?"

"Mwanangu," dada akaingilia, "usimuulize baba yako maswali magumu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemzuia mtoto asikae kwenye kigoda kibovu. Hilo ndilo lililoniuma. Nikasema nitakuwepo. Dada akanitazama, akarudia mchicha wake.

Nilimpigia dereva nikamwambia apate mtu mwingine.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina jambo na mtoto."

"Kijana kafanya nini?"

"Kijana gani?"

"Si mwanao! Siku zote mtoto anaumwa, mtoto amefaulu, mtoto anataka viatu. Kijana si amekua sasa, mlete nimfundishe gari."

"Ni msichana," nilisema.

"Miaka yote hii?" akasema. "Mimi nimemnunulia mpira, uko hapa chini ya kiti." Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, lakini simu ilipokatika niliendelea kuishika sikioni. Tulikuwa tumelala pamoja chini ya lori lile mara nyingi, tumeongea usiku na mchana. Kiswahili kilikuwa kimenibeba kote huko: mtoto hajambo, anasoma, anakua. Maneno yote hayo ni sahihi, na mtu aliyeyasikia miaka yote hakujua hata kama ni wa kike.

Mvua zikaja. Tukapanda alizeti na uwele, nikapalilia na shemeji. Mikono yangu ilikuwa imesahau jembe, ikatoka malengelenge kama ya mtoto wa mjini. Siku za mvua, ambazo huwezi kwenda shamba, zilikuwa mbaya kuliko zote. Nilitengeneza mlango wa banda la kuku ambao haukuwa mbovu. Nilihamisha kuni kutoka upande huu wa jiko kwenda upande ule, na kesho yake dada akanifanya nizirudishe. Lori likipita nilikuwa ninajua ni la mizigo gani kwa mlio, na kama limejaa au ni tupu. Binti akinikuta mlangoni nimegeuza sikio, ananiita nije nimsaidie kukamata kumbikumbi wa mijusi.

Mijusi walinenepa. Yule wa mkia uliokatika aliota mwingine, mfupi, mnene, wa rangi tofauti kidogo, tukawa tunamwita Butu. Mwenzake hakuwa na jina. Binti alisema hampi jina mpaka ajue.

Masika yalipokuwa yanaelekea kwisha niliomba bakuli la kioo. Liko moja tu nyumbani, lile la kabatini.

"Bakuli langu la sikukuu?" dada akasema. "Mjusi?"

"Nitaliosha."

"Utalikwangua kwa majivu, na mimi nikiwa nimesimama hapo."

Tulitoka nalo uwanjani asubuhi, jua likiwa zuri. Binti akamtumbukiza Butu, nikaliinua. Nilikuwa nimesahau jinsi tumbo la mjusi lilivyo jeupe kwa chini, na vile vidole vilivyotandazwa kwenye kioo kama vinaomba kitu. Na hapo, kutoka paja moja hadi paja la pili, palikuwa na mstari uliopinda kama upinde, vidoti vidogo vya rangi ya asali vilivyopangwa kimoja baada ya kingine.

"Dume," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Binti aliangalia kwa muda mrefu, mdomo wazi. Kisha tukamtazama mwenzake. Laini. Tukageuza bakuli kwenye mwanga, tukaligeuza tena. Laini kabisa.

"Huyu ni jike?"

"Bado."

"Lakini hana kitu."

"Dume anajitangaza mwenyewe. Jike unamjua kwa kutoona kitu, na kutoona kitu kunataka muda. Huenda huyu ni dume aliyechelewa."

"Muda gani?"

Mzee wa Dar angejua. Mimi sikuwa nimekaa hadi sura hiyo.

Binti alikaa chini kwenye vumbi na bakuli magotini. Alikuwa anapiga hesabu zake, niliziona usoni. Kama huyu ni jike, atataga, na shangazi atamtoa mmoja. Kama ni dume, Butu na huyu watapigana ndani ya kopo moja hadi mmoja afe au atolewe. Alizizungusha huku na huku akakuta njia zote mbili zinaishia kwa kuku.

"Basi tusimtazame tena," alisema. Akasimama, akaenda kuliosha bakuli mwenyewe, akalirudisha kabatini kwenye kona ya ndani.

Kuanzia hapo nikawa mimi ndiye ninayeuliza. Yeye ndiye anayejibu bado. Nikilisogelea kopo, analigeuza ili gome linizuie. Nilikuwa nataka kujua, na sababu yangu haikuwa ya mijusi peke yake. Nilikuwa nimeahidi kukaa hadi wajulikane, na sasa mtoto hataki wajulikane, na barabara imekauka, na magari yanapita mengi. Shambani alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa. Dereva alinitumia ujumbe kwamba viwanda vinapokea. Niliusoma, nikaufuta, nikautafuta tena, nimesahau kwamba nimeufuta.

Aliyejua alikuwa dada. Siku hiyo alikuwa anapangusa juu ya kabati, akainua kopo ili apitishe kitambaa chini yake, na yule asiye na jina alikuwa amejibandika ukutani mwa kopo, tumbo nje. Dada akasimama hivyohivyo, kitambaa mkononi.

"Nani amemlisha huyu shanga?"

Nilikuja. Binti akaja mbio kutoka jikoni. Kwenye tumbo la mjusi, chini ya ngozi ile nyembamba, yalionekana mabonge mawili meupe, moja kila upande, wazi kama umeyashika.

Binti alinishika shati kwa nyuma.

Dada aliliinamisha kopo kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, ule uso anaouvaa akimpapasa kuku chini ya mkia asubuhi ili ajue nani ana yai. "Yanakaribia," alisema taratibu. "Huyu anatafuta mahali. Mnaona anavyozunguka? Hana pa kutagia, maskini. Mmemwekea magome tu, atataga juu ya magome?"

"Shangazi," binti akasema kwa sauti ndogo, "ulisema kama ni dume na jike..."

"Nilisema mayai siyataki. Nani alisema mtagaji simtaki?" Akamgeukia binti kwa ukali kabisa. "Tangu lini katika nyumba hii mwenye mayai akafukuzwa? Kuku akianza kutafuta pa kutagia hauzwi, hachinjwi, hata mgeni aje wa namna gani. Ukimfukuza anakwenda kutagia kwa jirani, na baraka zako zimekwenda naye. Leta mchanga. Si huo wa njiani, ule laini wa korongoni. Na kopo la samaki, lile tupu. Kimbia!"

Shemeji, aliyekuwa mlangoni anavua viatu, akauliza kuna nini. Akaelezwa.

"Kaka na dada wa tumbo moja?" akasema. "Nilisema mimi kwamba hawa ni makafiri."

"Nyamaza, unamshtua," dada akamwambia. Kisha akanipiga mkono wangu uliokuwa juu ya kifuniko. "Na wewe ondoka hapo. Unamtazama nini mwenye mayai?"

Alitaga ndani ya kopo la samaki, mayai mawili ya mviringo, na dada ndiye aliyeyafunika kwa mchanga. Baadaye akaleta kopo la pili la pipi kutoka dukani, bila mtu kumwomba, akasema mama apumzike na Butu akae peke yake, asije akamsumbua. Makopo mawili yakawa juu ya kabati. Binti akampa yule jike jina, ambalo ni lake na sitaliandika.

Na mimi nikawa sina kitu cha kusubiri. Dereva akasema atapita na alizeti Jumatano asubuhi. Dada alinifungia ugali wa safari na kuku, hakusema neno la kunizuia wala la kunisukuma.

Binti alinisindikiza barabarani akiwa na sare za shule. Tulisimama. Upepo ulikuwa umeanza tena, vumbi linatupiga miguuni.

"Mayai yanachukua siku kama ya kuku?" aliuliza.

"Zaidi. Mara mbili, au zaidi kidogo, kutegemea joto. Nitarudi kabla hayajaanguliwa."

"Usiseme, baba. Wewe rudi tu."

Lori lilisikika kabla ya kuonekana. Nilijua limejaa. Dereva akasimama, akateremka, akapokea shikamoo ya binti, akamtazama kichwani hadi miguuni kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. Nilipanda. Nilikuwa bado ninatafuta mahali pa kuweka miguu nilipomwona binti ameweka mkono mdomoni.

"Kifuniko!" akasema. "Baba, sikufunga kifuniko cha Butu!"

Akageuka akakimbia, begi la shule linampiga mgongoni. Mlango wa nyumba tulikuwa tumeuacha wazi, na saa ile kuku wote wako uwanjani. Lori likaondoka. Nilitoa kichwa dirishani, nikamwona anapita kwenye mashina ya uwele, kisha sikumwona.

Nilipiga simu ya dada. Iliita ikakatika. Nilipiga tena. Dereva akauliza kama nimesahau kitu, nikamwambia aendeshe tu, kisha nikamwambia apunguze mwendo, mtandao unapotea. Alinitazama. Tulikuwa tumeshaanza kuyaona mapaa ya Singida mjini dada alipopokea, anahema.

"Wapo," alisema. "Wote wawili wapo. Butu alikuwa juu ya ukuta, tumemshusha kwa ufagio. Acha kupigapiga, unanimalizia chaji."